Alipost Kwamba Ameruka Solo. Babu Yake Akaangalia Mkanda

Picha ilikuwa kali, hilo halina ubishi. Shati jeupe limepigwa pasi, miwani myeusi, hedifoni za rubani shingoni, na pembeni yake kiti cha kulia kitupu, kimeachwa kwenye fremu makusudi ili kila mtu aone kwamba ndani ya ile Cessna alikuwa peke yake. Chini aliandika: "Leo nimeruka solo. Mungu ni mwema." Kufikia saa nne usiku laiki zilikuwa zimepita elfu moja, na watu waliosoma naye darasa la sita walikuwa wanaandika "nilijua tu."

Shida ilikuwa moja. Hakuwa ameruka solo.

Jina la huyu dada halina kazi hapa. Ana miaka ishirini na tatu na anasomea urubani Nairobi, pale Wilson. Walianza wanne siku moja. Wenzake watatu walikuwa wameshamwagiwa maji kichwani, ile desturi ya kumlowesha mtu akishuka mara ya kwanza baada ya kuruka bila mwalimu. Yeye bado. Kupaa anapaa vizuri, kona anakata vizuri, ila kutua ndiko kunakomtesa. Ndege inagusa lami, inadunda, inagusa tena, na mwalimu anashika usukani. Siku ile aliyopiga picha alikuwa ameahidiwa kwamba huenda ndiyo siku yenyewe. Akajipiga picha mapema, mwalimu akiwa bado anatia sahihi karatasi ofisini. Walipomaliza, mwalimu akasema tu, "Tuendelee wiki ijayo." Picha ilipostiwa kwenye matatu, Lang'ata Road, foleni ikiwa haisongi.

Kabla hujamhukumu, jua nani alikuwa analipa. Saa moja ya kuruka si bei ya gigi ya wikendi. Karo yake ilitoka Voi, kwa babu yake aliyeuza kipande cha shamba kando ya barabara, kile ambacho wajomba wote walikuwa wakikimezea mate. Tangu hapo grupu la familia kwenye WhatsApp lilikuwa na swali moja: rubani wetu ataruka lini? Kila Jumapili. Jamaa wenye nia njema wanaweza kukumaliza kabisa.

Babu hana Instagram. Binamu mmoja ndiye aliyeichukua ile picha akaitupa kwenye grupu. Mashangazi wakapiga vigelegele kwa emoji. Babu alikaa kimya siku mbili, kisha akatuma ujumbe wa sauti wa sekunde sita: "Njoo Voi Jumamosi. Njoo na njaa."

Akapanda treni.

Huyu mzee si babu wa kudanganywa kuhusu ndege. Alijiunga na Jeshi la Anga la Kenya mwaka 1966 kama fundi, miaka miwili tu baada ya jeshi hilo kuundwa, Eastleigh. Ndege za kwanza za mafunzo walizokuwa nazo zilikuwa Chipmunk, za viti viwili, mmoja mbele mmoja nyuma. Wakufunzi wengi walikuwa Waingereza wa RAF waliobaki kufundisha, na mmoja wao, mtu mzima mwenye sauti ya kukwaruza, alikuwa amejifunza kuruka kwenye ndege ya zamani zaidi iitwayo Tiger Moth. Alikuwa haachi kuizungumzia. Chipmunk ikikosewa kitu chochote, yeye anasema kwenye Tiger ungekiona. Vijana wa Kikenya walikuwa wanacheka kichinichini, kama mnavyomcheka mzee anayesema nyimbo za siku hizi si nyimbo.

Basi dada amefika, ameinama, "Shikamoo Babu," "Marahaba mjukuu wangu, mbona umekonda?" Kimanga kimewekwa mezani, chai imemiminwa. Anangoja aulizwe kuhusu ile picha. Haulizwi. Mzee anamega kimanga, anatazama nje, halafu anaanza na habari za kifo.

"Mei mwaka 1931," akasema, "hapahapa Voi, ndege ndogo ilipaa asubuhi ikaanguka na kuwaka moto."

Hilo ni tukio la kweli na huenda unalijua kwa upande wa sinema. Denys Finch Hatton, yule mwindaji wa Kiingereza ambaye filamu ya *Out of Africa* ilimfanya mpenzi wa dunia nzima, alikufa Voi tarehe 14 Mei 1931 ndani ya ndege yake aina ya Gipsy Moth. Alikufa pamoja na msaidizi wake, Kamau, ambaye masimulizi mengi yanampa jina hilo moja tu na kusonga mbele. Ndege yenyewe ilikuwa ya aina iliyopendwa sana miaka ile. Hata Wilson Airways, kampuni ya Florence Kerr Wilson ambaye jina lake ndilo liko kwenye uwanja anaosomea huyu dada, ilianza mwaka 1929 na Gipsy Moth.

Moth kwa Kiswahili ni nondo, yule mdudu wa kwenye taa. Mtengenezaji, Geoffrey de Havilland, alikuwa anapenda wadudu kama wengine wanavyopenda viatu, na ndege zake nyingi akazipa majina ya nondo. Nondo wa kwanza aliruka Februari 1925 kutoka Stag Lane, kaskazini mwa London. Alikuwa mwepesi, mabawa yanakunjwa ukaivuta ndege kwa gari hadi nyumbani, na bei yake mtu mwenye kipato kizuri angeiwaza bila kuzimia. Vilabu vya kuruka vikajaa. Mwaka 1930 Amy Johnson, binti aliyewahi kuwa mpiga chapa kwenye ofisi ya wakili, aliondoka Croydon tarehe 5 Mei na Gipsy Moth yake akafika Darwin, Australia, tarehe 24, peke yake. Kabla ya hapo hakuwa ameruka safari yoyote nje ya Uingereza. Leo tungesema alivunja intaneti.

Sasa jeshi nalo likamtaka huyo nondo. RAF ilihitaji ndege ya kufundishia marubani wapya, kwa sababu ile waliyokuwa nayo, Avro 504, ilikuwa ya tangu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Lakini nondo wa kiraia alikuwa na kasoro moja ambayo raia hawakuijali sana, na hapa ndipo mzee wa Voi alipoweka kikombe chini.

"Mwalimu alikuwa anakaa mbele," akasema. "Sasa niambie, mwalimu anatokaje?"

Fikiria ndege yenye mabawa ya ghorofa, moja juu moja chini, yameunganishwa kwa nguzo na nyaya. Viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, vyote wazi kwa upepo. Mwanafunzi nyuma, mwalimu mbele. Tangi la mafuta liko katikati ya bawa la juu, na bawa hilo liko juu ya kichwa cha mwalimu kabisa, na nguzo zake zimemzunguka kama vyuma vya kitanda cha dekadeka. Kwenye Vita vya Kwanza jambo hilo lisingemsumbua mtu, maana marubani wa ndege za Uingereza hawakupewa parashuti. Ndege ikiharibika unakwenda nayo chini. Lakini kufikia mwisho wa miaka ya ishirini RAF ilishakubali parashuti. Mwalimu sasa amevaa koti nene, kofia ya ngozi, na furushi la parashuti analikalia. Ndege ikiwaka moto au ikikatika, mwanafunzi wa nyuma anaruka nje vizuri. Mwalimu amenaswa chini ya tangi la petroli.

Yaani ndege ya shule ambayo mwalimu ndiye wa mwisho kutoka, kama atatoka.

Kilichofanyika ni cha kifundi kabisa na hakina mbwembwe. Pale Stag Lane walilisogeza bawa la juu mbele, pamoja na tangi na nguzo zake, ili juu ya kichwa cha mwalimu pawe wazi. Lakini ukisogeza bawa mbele umehamisha mahali ndege inaponing'inia, mizani imeharibika. Kwa hiyo wakayavuta mabawa nyuma kwenye ncha, yakawa yamelala kidogo kama mbawa za mbayuwayu. Kulaza mabawa kukaleta tatizo jingine: ncha za bawa la chini zikawa karibu mno na ardhi. Wakaziinua. Pembeni mwa kila kiti wakaweka milango midogo inayoanguka nje. Injini nayo ilikuwa imegeuzwa kichwa chini miguu juu, hivyo pua ikawa imeshuka na wa nyuma anaona mbele vizuri zaidi.

Ukiiona leo Tiger Moth kwenye picha, ule mkao wake wa mabawa yaliyoegemea nyuma, ambao watu wanausifu kwamba ni mzuri na una mikogo, haukuchorwa na mtu anayetafuta uzuri. Umetokana na swali la mwalimu anatokaje.

Iliruka mara ya kwanza tarehe 26 Oktoba 1931, rubani wa majaribio akiwa Hubert Broad. Miezi mitano na siku chache baada ya moto wa Voi. Mwaka uliofuata ilikuwa jeshini.

Dada, kwa wakati huu, alikuwa anasikiliza kwa nusu ya sikio. Nusu nyingine ilikuwa inahesabu dakika hadi swali la picha. Lakini mzee alikuwa ameshaingia kwenye anga zake.

Kwa macho ya sasa, ile ndege ni umaskini mtupu. Mifupa ya mabomba ya chuma na mbao, juu yake kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza kikawa kama ngozi ya ngoma. Injini iliyozoeleka ilikuwa ya nguvu farasi 130. Gari la kawaida la familia pale parking ya maduka ya Lang'ata linaifikia. Mwendo wake wa juu kabisa ni kama kilomita 175 kwa saa, na kuna wasee wa probox barabara ya Mombasa wanaokaribia hapo. Breki haina. Mkiani haina gurudumu, ina kipande cha kukwaruza nyasi, ndicho kinachoisimamisha. Umeme haina, kwa hiyo haina starta, haina taa, haina redio. Kujua mafuta yamebaki kiasi gani unaangalia kijiti kinachoelea ndani ya kioo juu ya tangi, nje, kwenye upepo.

Mwalimu na mwanafunzi walikuwa wanaongea kwa mpira. Kweli kabisa, bomba la mpira kutoka mdomoni mwa mmoja hadi masikioni mwa mwingine, kama kipimo cha daktari. Lilianzia Gosport mwaka 1917, kwa Robert Smith-Barry, ofisa aliyechoshwa na jinsi vijana walivyokuwa wakifundishwa vibaya na kufa kabla hata ya kumwona adui. Yeye ndiye aliyesema mwanafunzi apelekwe kwenye hatari makusudi, ndege izungushwe kama pia ianguke, afundishwe kuitoa, badala ya kuambiwa tu asiwahi kufika huko. Walimu wa Tiger Moth walikuwa wajukuu wa mawazo hayo. Kwa hiyo somo la kuanguka lilikuwa somo kama masomo mengine, lina siku yake kwenye ratiba.

Na kuiwasha. Hapo mzee alisimama kabisa, akakunja mikono ya shati.

Kwa kuwa haina starta, mtu anasimama mbele ya pangaboi na kulizungusha kwa mkono. Mwingine yuko kwenye kiti, na swichi za kuwashia ziko upande wake. Kwanza pangaboi linazungushwa polepole swichi zikiwa zimezimwa, ili injini ivute mafuta. Halafu linawekwa sawa, swichi zinawashwa, linavutwa mara moja kwa nguvu na mtu anaruka nyuma. Hawa wawili hawaonani vizuri, pua ya ndege iko katikati. Kwa hiyo wanaitana. Wa chini anauliza kwa sauti, "Zimezimwa?" Wa juu anajibu kwa sauti, "Zimezimwa." Ndipo wa chini anaweka mkono.

"Sasa wa juu akisema zimezimwa na hazijazimwa?" mzee akauliza.

Dada akasema injini inaweza kuwaka.

"Mkono wa nani uko pale?"

Hakujibu. Mzee akaketi, akaongeza sukari kwenye chai ambayo daktari alishamkataza, na akaendelea kana kwamba hakuuliza kitu.

Huyo Mzungu wa Eastleigh alikuwa na msemo ambao karibu kila aliyefundishwa kwenye Tiger Moth anaurudia: ni rahisi kuirusha, ni ngumu kuirusha vizuri. Haiui mtu ovyo. Inatua polepole, inasamehe. Ila haifichi. Vibawa vya kuilaza upande viko kwenye bawa la chini tu na vinaitikia kwa uvivu, kwa hiyo ukikata kona bila kutumia miguu kwenye usukani wa mkia, ndege inateleza kando na upepo unakupiga shavu moja. Huhitaji kifaa cha kukuambia umekosea, shavu linajua. Ukitua ukiwa umekaza mikono inadunda, na kwa kuwa ni nyepesi sana inadunda mbele ya uwanja mzima, watu wote wakiangalia. Mrusha Tiger Moth asingeweza kudanganya kwamba anajua. Kwa jeshi hiyo haikuwa kasoro hata kidogo, ndiyo kazi waliyoinunulia.

Kuanzia katikati ya miaka ya thelathini, Ujerumani ilipoanza kujijenga waziwazi, Uingereza ikaanza kutafuta marubani kwa haraka. Mwaka 1935 mafunzo ya awali yakapewa shule za kiraia zenye mkataba na jeshi, na mwaka uliofuata kikaundwa kikosi cha akiba cha watu wanaofanya kazi zao wiki nzima na kujifunza kuruka wikendi. Makarani, mafundi, walimu. Ndege zikapakwa rangi ya manjano ili wengine wawakae mbali, sawasawa na ile L nyekundu ya gari la driving school. Mwezi Machi 1936 Spitfire iliruka kwa mara ya kwanza, ya chuma, bawa moja, kasi ya kutisha, na bado wengi waliokuja kuirusha walianzia kwenye hicho kitambaa na mbao. Vita vilipoanza Septemba 1939 RAF ilikuwa na Tiger Moth kama 500. Kabla ya kumalizika zilikuwa zimetengenezwa maelfu, zaidi ya 8,000 kwa jumla, Uingereza, Kanada, Australia na kwingineko.

Nani hakuruhusiwa kukaa kwenye kile kiti cha nyuma? Hili mzee alilisema bila hasira, kama mtu anayesoma bei ya sukari. Kanuni za miaka ile zilitaka afisa wa RAF awe wa asili ya Ulaya tupu. Zililegezwa Oktoba 1939, mwezi mmoja baada ya vita kuanza, walipoona watahitaji watu. Wanawake nao walingoja hadi Januari 1940, na hata hapo si kupigana bali kusafirisha ndege kutoka viwandani. Wanane wa kwanza, chini ya Pauline Gower, walipewa Tiger Moth pale Hatfield, wazipeleke hadi Scotland, katikati ya baridi kali, wakiwa kwenye viti visivyo na paa. Mishahara yao ilikuwa asilimia 20 chini ya wanaume. Walikuja kulingana mwaka 1943.

"Wewe unakaa ndani ya Cessna, kuna hita," mzee akasema. Hiyo nayo ilikuwa ngumi.

Kuna mtoto mwingine wa Tiger Moth ambaye lazima atajwe, kwa sababu wengi mnaosoma hapa mmemkodi kwenye harusi. Mwaka 1935 walitengeneza toleo lisilo na rubani, linaloongozwa kwa redio kutoka chini, ili wapiga mizinga wa jeshi wajifunze kulenga kitu kinachoruka kweli. Wakaliita Queen Bee, malkia wa nyuki. Inasemekana sana kwamba jina *drone*, yaani nyuki dume, lilitokana na huyo malkia. Kwa hiyo ile kitu inayovuma juu ya bibi harusi ina ukoo hukohuko. Dada alicheka hapo, mara ya kwanza tangu afike.

Na mzee akamngoja amalize kucheka.

"Nipe simu yako," akasema.

Akaifungua ile picha, akaikuza kwa vidole viwili, polepole, kama mtu aliyejifunza jambo hilo juzi. Hakuukuza uso wake. Aliukuza ule upande wa kiti cha kulia.

"Kwenye Tiger," akasema, "mwanafunzi anaporuka peke yake anabaki kiti cha nyuma. Mizani ya ndege inataka hivyo. Kwa hiyo mbele yake, pale ambapo kwa wiki kadhaa amekuwa akiona kisogo cha mwalimu, anaona shimo. Wote wanalikumbuka hilo shimo. Lakini kabla mwalimu hajaondoka, ameshuka, amesimama juu ya bawa, ndege inavuma, anafanya nini?"

Dada alishaelewa. Alikuwa anaangalia meza.

"Anafunga mikanda ya kiti chake mwenyewe. Anaikaza juu ya kiti kitupu. Kwa sababu fimbo ya mbele na fimbo ya nyuma zimeungana. Mkanda ukilegea ukanasa fimbo ya mbele, mtoto aliye nyuma hawezi kuufikia. Mwalimu akisahau mkanda amemuua mtu. Yule Mzungu alitutolea mfano huo kila wiki. Kwenye Chipmunk walikuwa wamegeuza, mwanafunzi yuko mbele, mwalimu nyuma, lakini mkanda ni uleule. Miaka yote niliyofanya kazi sikuwahi kuona ndege imeenda na mtu mmoja na mkanda wa pili uko wazi."

Kwenye picha, mkanda wa kulia ulikuwa umelala kando ya kiti na ncha yake ya chuma inaning'inia nje ya mlango uliokuwa haujafungwa.

Watu elfu na zaidi walikuwa wameiangalia. Kuna waliokizungushia moyo. Hakuna aliyeona.

Kilichofuata kilichukua muda mrefu na hakina uzuri wa kusimulia. Alilia. Alisema anaona aibu kuhusu shamba. Alisema kila akifika karibu na lami anaiona bei ya ile saa, na bei ya shamba, na grupu la familia, na mikono inakaza yenyewe. Alisema ameanza kuwachukia wenzake watatu ambao hawajamkosea chochote. Mzee hakumbembeleza sana, si tabia yake. Alimuuliza anaanza kuinua pua akiwa urefu gani kutoka chini, na anaangalia wapi wakati huo. Akasema anaangalia mbele ya pua, palepale chini. Mzee akatikisa kichwa. Yeye si rubani, ni fundi, lakini amewaona wanafunzi wengi wakidunda. "Anayeangalia karibu anadunda. Muulize mwalimu wako kama babu yako anadanganya."

Halafu, baada ya kimya, akasema kitu ambacho dada amekirudia kwa marafiki zake wa karibu zaidi ya mara moja. Alisema shamba aliliuza yeye, kwa akili yake, na hesabu yake alishaifunga. Kama ataruka au hataruka, wajomba hawatarudishiwa. Lakini alikuwa ameuliza zimezimwa, na akajibiwa zimezimwa, na mkono wake ulikuwa pale.

Usiku ule, kwenye kitanda cha chumba cha wageni, dada alikaa na simu hadi saa nane. Alisoma habari za Tiger Moth mpaka alipofika kule ambako baada ya vita ziliuzwa kwa bei ya kutupa, zikawa za vilabu, na nyingine zikawekewa mapipa mahali pa kiti cha mbele zikanyunyizia mashamba dawa na mbolea New Zealand na Australia. Katikati ya kusoma alikuwa anaifungua ile post yake na kuifunga. Kuifuta kungekuwa rahisi. Hakuna anayeuliza picha iliyofutwa. Mwishowe hakuifuta. Alibadilisha maneno ya chini: "Hii haikuwa solo. Nilipiga kabla ya somo, na sikuruhusiwa kuruka peke yangu siku hiyo. Bado nadunda. Samahanini." Akaituma kwenye grupu la familia pia, kabla hajapata akili ya kuogopa.

Mambo hayakuwa matamu. Shangazi mmoja hakuongea naye wiki mbili. Mjomba mmoja aliandika neno kuhusu shamba ambalo mzee alilijibu kwa mstari mmoja, na hakuna aliyeongeza. Kuna wafuasi walioondoka, na kuna mmoja wa wale wenzake watatu aliyemtumia ujumbe wa faragha saa kumi na moja asubuhi akisema yeye alidunda mara saba siku aliyopewa solo, na kwamba alipoteremka alitapika nyuma ya hanga kabla ya kumwagiwa maji. Hiyo haikuwa kwenye picha zake.

Mwalimu wake hana habari na mitandao. Alipoambiwa kuhusu kuangalia karibu na kuangalia mbali, alimtazama dada kwa muda, akauliza nani amemwambia. Akasema huyo mzee yuko sawa, na yeye mwenyewe angepaswa kuligundua mapema. Wakaenda kuzunguka uwanja. Ya kwanza ilidunda. Ya pili ilidunda kidogo. Ya tatu, kwa maelezo ya dada mwenyewe, "ilikaa."

Asubuhi ile ya kuondoka Voi, mzee alimsindikiza hadi stesheni, polepole, kwa sababu ya goti. Alimwambia siku ikifika asimtumie picha ya uso, uso wake anaujua. Amtumie picha ya mkanda wa kulia, umefungwa, kiti kitupu.

Hadi wiki iliyopita picha hiyo ilikuwa haijatumwa. Mzee ameomba afundishwe namna ya kuweka mlio tofauti kwa ujumbe unaotoka kwa mtu mmoja tu.